Chombo Kisicho na Msumari

Carpinteria, mji mdogo wa pwani ya California, maana yake kwa Kihispania ni karakana ya seremala. Askari wa Kihispania waliuita hivyo mwaka 1769 walipowakuta Wachumash wakiunda chombo chao, tomol. Huko lami huchuruzika yenyewe ardhini. Waliiyeyusha pamoja na utomvu wa msonobari, wakaziba mishono. Maana mbao za tomol, zilizopasuliwa kutoka magogo yaliyoletwa na mawimbi, zilitobolewa na kushonwa kwa kamba za nyuzi za mimea.

Mimi mhandisi, kazi yangu viungo vya chuma. Lakini nilipoiona mishono ile katika makumbusho ya Santa Barbara nilimkumbuka marehemu babu, Lamu, akinisimulia mtepe ulioshonwa kwa kamba za makumbi. Nami, kijana wa shule, sikumuuliza fundo lilifungwaje.

Mwaka 1912 mzee Fernando Librado alisimamia uundaji wa tomol, na John P. Harrington akaandika maelezo yake. Mwaka 2001 Wachumash walivuka kwa makafi hadi Limuw, kisiwa kiitwacho pia Santa Cruz.

Kama yupo msomaji ambaye wazee wake wa Pate au Faza walimweleza fundo la mtepe, tafadhali aniandikie.