Mpenzi, Tupande Ipi?

Tangu treni ya umeme ya SGR ianze safari za Dar es Salaam–Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, wenzetu wa huko wamepata jambo jipya la kubishania na wapenzi wao: tupande ya haraka inayoruka vituo vidogo, au ya kawaida inayosimamasimama? Sisi wa Shinyanga bado. Kipande cha Mwanza–Isaka, kilomita 341, kilianza kujengwa 2021, na siku kikikamilika na sisi tutaulizwa dirishani. Lakini msidhani ubishi huo huku haupo. Kwangu upo, tena wa miaka. Ya haraka yetu ni basi. Ya kawaida ni treni ya reli ya zamani, ile iliyofika Mwanza mwaka 1928.

Mume wangu anafanya kazi mgodini Geita. Mimi niko benki hapa Shinyanga mjini, naishi na mapacha wetu. Geita haina reli, kwa hiyo akipata ofu anapanda gari hadi Mwanza, kisha anaunganisha. Zamani foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi ilimtesa kweli. Tangu Daraja la John Pombe Magufuli lifunguliwe, 19 Juni 2025, zile kilomita 3 za Ghuba ya Mwanza anazivuka kwa dakika chache tu. Raha iliyoje! Ila daraja limemwachia ugonjwa: siku hizi kila kitu anakihesabu kwa dakika.

Akiwa anakuja sina neno, apande basi. Siku nne za ofu si za kuchezea. Kasheshe ni siku ya kurudi, maana huwa namsindikiza hadi Mwanza na watoto wanabaki kwa bibi yao.

“Mama Kulwa, kwa basi ni masaa matatu tu tumefika.”

Ni kweli. Treni haipiti kila siku, na ikifika kwetu kutoka Dar imeshalala njiani, abiria wamechoka, na ratiba mara nyingine imeshavurugika. Reli yenyewe haina haraka. Badala ya kunyoosha kama barabara, inazungukia mashariki hadi Malampaka na Malya, ndipo inarudi kwa Bukwimba, Mantare na Fela.

Sasa niambieni, kwenye basi mnaongea nini? Video inapiga kelele juu, mmebanana, jirani anasikia mpaka mnachowaza. Baba Kulwa akishapata dirisha, kabla ya Mwigumbi anakoroma. Simlaumu, shifti za usiku zinamaliza mtu.

Na mimi nilikuwa na jambo. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na barua ya kuomba uhamisho kwenda tawi la Geita, nimeiandika tangu Januari. Nyumbani haikuwa rahisi kuitoa. Mara mashemeji wamekuja kusalimia, mara bati la mama mkwe, mara ada, mara Kulwa na Doto wamemng'ang'ania baba yao hawamwachii. Siku nne zinakwisha, tunaagana kama wafanyakazi wenza.

Mwezi uliopita nikakata tiketi mbili za treni, daraja la pili kukaa, ndipo nikamwambia. Alinuna hadi Seke. Malampaka nikamnunulia karanga na mayai ya kuchemsha, akalegea kidogo. Tulipopita Malya simu yake ikakosa mtandao, akaitia mfukoni. Nikampa barua.

Akaisoma mara mbili. Akasema anaogopa. Mkataba wake ni wa miaka miwili, kodi za nyumba Geita si mchezo, na mgodi ukimpunguza tutakuwa tumeng'oka wote. Nikamwambia na mimi naogopa: Doto akiumwa usiku, siku hizi hamwiti tena baba. Hakujibu mpaka kituo kilichofuata. Watu wakashuka na magunia, wengine wakapanda na kuku, yeye anaangalia nje tu. Kwa wakati huo basi lingekuwa limeshaingia Nyegezi, na sisi tunagombea mabegi.

Kufika Fela tulikuwa tumeelewana. Barua iende. Nyumba ya Shinyanga hatuiuzi, tutaipangisha, ili mambo yakiharibika tuwe na pa kurudi.

Sisemi kila mtu apande treni. Kama una usaili, una mgonjwa, au umebeba boksi la samaki, panda basi, ndugu yangu. Hata mimi kurudi peke yangu nilipanda basi, nikalala fofofo mpaka nyumbani.

Barua iko mezani kwa meneja, bado sijajibiwa. Juzi Baba Kulwa kapiga simu kutoka Geita, kabla hata ya salamu ananiuliza ofu ijayo treni inapita siku gani.