Mkono Usiotulia

Ngozi ni vazi ambalo mtu huzaliwa nalo, wala halivui mpaka siku ya kufa kwake. Katika viungo vyote vya mwili ni kimoja kilicho kikubwa sana. Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa chini yaweza kuenea karibu mita 2 za mraba. Kazi zake ni nyingi. Huzuia vijidudu vya maradhi visiingie mwilini, huhifadhi maji ya mwili, hutoa jasho wakati wa joto, na humjulisha mtu habari ya baridi, ya moto, ya mwiba na ya mkono wa rafiki. Ikipasuka, hujitengeneza yenyewe. Damu huganda, kigaga hufunika jeraha, na chini ya kigaga ngozi mpya huota polepole. Abanduaye kigaga kabla ya wakati wake ni kama mtu aezuaye paa hali fundi angali ndani akijenga.

Hakuna mtu asiyejikuna. Mbu akiuma, mkono huenda mahali palipoumwa, na baada ya kitambo jambo hilo limesahauliwa. Lakini wako watoto, na watu wazima pia, ambao mkono wao hautulii. Hubandua vigaga, huchubua ngozi ya vidole, hufinya vipele vya uso, mpaka damu itoke. Kisha hujuta, huazimia kuacha, na baada ya saa moja hurudia. Mtoto atakayesimuliwa hapa hakupewa jina, kwa kuwa aweza kukutwa katika shule nyingi.

Alikuwa msichana wa miaka 11, na kwao ni Mgeta, katika milima ya Uluguru upande wa magharibi. Huko mashamba yameshikamana na miteremko, na watu hulima kabeji, karoti, njegere na viazi, wakavipeleka sokoni Nyandira na mjini Morogoro. Miezi ya Juni na Julai baridi huwa kali, na ngozi za watoto hukauka na kupasuka. Mwaka mmoja upele uliingia nyumbani mwao. Dawa ya zahanati ikauondoa, lakini mkono wa msichana ulikuwa umekwisha kujifunza njia. Palipobaki kigaga alikibandua. Kikiota kingine, alikibandua tena. Alifanya hivyo usiku kitandani, na darasani wakati wa hesabu, macho yakiwa ubaoni. Mara nyingi hakujua analotenda mpaka alipoona damu katika daftari.

Mikono yake ikajaa vidonda na makovu. Wenzake wakakataa kuketi naye dawati moja, wakidhani ana maradhi ya kuambukiza. Akaanza kuvaa sweta hata siku za jua, akaacha kwenda mtoni pamoja na wasichana wenziwe, na mwalimu alipouliza swali hakuinua mkono, ingawa jibu alilijua.

Nyumbani kila mtu alitafuta dawa yake. Mama alimpaka pilipili vidoleni. Mtoto akajisahau akafikicha macho, akalia usiku kucha, na kesho yake akajichubua kama kawaida. Baba alimchapa. Baada ya fimbo mtoto alijificha nyuma ya ghala, na huko alijichubua zaidi kuliko alipokuwa mbele ya watu. Kisha kidonda kimoja kikavimba, kikatoa usaha, na homa ikampanda.

Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa katika mambo ya mtoto. Basi mama akapeleka habari mjini kwa kaka yake, naye akaja upesi.

"Shikamoo, mjomba," akasema msichana, mikono ameificha nyuma.

"Marahaba, mwanangu. Njoo karibu. Sikuja kukuchapa."

Siku ya pili wakashuka watatu, mtoto, mama na mjomba, mpaka hospitali mjini Morogoro. Kidonda kikasafishwa, na dawa ya kunywa ikatolewa. Mganga aliyewapokea alikuwa mama wa makamo. Hakuuliza, "Kwa nini wafanya ujinga huu?" Aliuliza, "Mkono huanza saa ngapi? Uko wapi wakati huo? Moyoni mna nini?" Mtoto akafikiri kwa muda, akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni wakati wa hesabu, kwa hofu ya kukosea, na tena usiku, akikumbuka jinsi alivyochekwa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwuliza.

Mganga akawaeleza kwamba jambo hili si uchawi, si laana, wala si ukaidi. Matabibu wamelijua tangu zamani. Mwaka 1875 Erasmus Wilson, tabibu wa ngozi wa Uingereza, aliandika habari za wagonjwa wa namna hii. Mwaka 2013 matabibu wa akili wa Marekani waliliandika katika kitabu chao kuwa maradhi yenye jina lake, na Shirika la Afya Duniani limelitaja katika orodha ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022. Moyo ukiwa na hofu, uchovu au upweke, kujichubua huleta nafuu kidogo, na nafuu hiyo huufundisha mkono kurudi. Ila mkono uliofundishwa waweza kufundishwa upya.

Njia aliyowapa ilitokana na kazi ya wataalamu wawili wa Marekani, Nathan Azrin na R. Gregory Nunn, waliyoitangaza mwaka 1973.

Kwanza, mtoto aujue mkono wake. Apewe kopo na punje za mahindi. Kila atambuapo kwamba mkono umekwenda kwenye ngozi, atie punje 1. Jioni punje zihesabiwe bila karipio, kama mkulima ahesabuvyo magunia yake apate kujua hali ya shamba.

Pili, mkono upewe kazi nyingine. Hamu ikija, mtoto akunje ngumi, aiweke juu ya goti, ahesabu polepole mpaka hamu ipungue. Dakika 1 yaweza kutosha, au 3. Ngumi iliyokunjwa haiwezi kubandua kitu, wala darasani hakuna aionaye. Nyumbani mikono isuke ukili au imenye njegere.

Tatu, njia ya zamani izibwe. Kucha zikatwe fupi, vidonda vifunikwe kwa kitambaa safi, ngozi kavu ipakwe mafuta, na pini na nyembe ziwekwe mbali.

Nne, wakubwa wasaidie. Mama aonapo mkono umeanza, amguse mtoto begani, asiseme neno mbele ya watu. Na siku njema asikose kumsifu.

Waliporudi Mgeta, baba hakuridhika. "Shemeji," akasema, "punje za mahindi zitamfunza nini mtoto asiyesikia fimbo?"

Mjomba akaelekeza kidole mlimani. "Shemeji, umesahau habari ya matuta?"

Baba hakuisahau, maana aliisikia kwa wazee wake. Kuanzia mwaka 1950 serikali ya Waingereza iliona kwamba miteremko ya Uluguru imevuliwa miti, na mvua inachukua udongo. Kwa kweli mlima usio na miti ni kama mwili uliochubuliwa: udongo hutelemka, na maji ya mto Ruvu, ambayo watu wa Dar es Salaam huyanywa, hushuka yamechafuka. Serikali ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Kusudi lilikuwa kuhifadhi udongo, lakini lilikuja kwa amri na adhabu, na kazi ilikuwa nzito, na wengi hawakuona faida yake mashambani. Mwaka 1955 watu wakakataa, fujo ikazuka Matombo, na mwisho mpango ule ukaachwa.

"Udongo ulikuwa wao, na hasara ilikuwa yao," akasema mjomba. "Lakini walipolazimishwa, waliona kazi ile ni ya serikali. Ngozi ni ya mtoto. Ukimchapa, ataona ni kazi yako kuilinda, na yake ni kujificha. Mwache awe mlinzi, nawe uwe msaidizi wake."

Baba akanyamaza. Hakusema amekubali, lakini fimbo hakuishika tena.

Juma la kwanza kopo lilikuwa na punje 43. Juma la pili zikawa 61, na mama akafadhaika. Lakini mganga alikuwa amekwisha waonya: mtoto aanzapo kuangalia, huona mengi ambayo zamani hakuyaona. Juma la tano punje zilikuwa 20, na vidonda viwili vikafunga.

Kisha ukaja mtihani wa shule. Mkono ukarudia mambo yake kwa siku tatu mfululizo. Msichana akaona aibu, akalitupa kopo bondeni, akamwambia mama yake, "Mama, mimi siwezi." Mama hakumkaripia. Aliingia ndani, akatoka na kopo jingine, akalipangusa kwa upindo wa kanga. "Mwanangu, shamba likiliwa na nguruwe, mtu hupanda tena," akasema. "Hili nalo ni lako." Jioni ile baba akavuta kigoda, akaketi karibu na binti yake, wakamenya njegere pamoja mpaka giza likaingia. Hawakuzungumza habari ya ngozi. Walizungumza habari ya mtihani, na baba akakiri kwamba hesabu za mafungu zilimshinda yeye pia.

Kujichubua hakukwisha siku moja. Ilipita miezi mingi kabla ya kopo kuonekana na punje 4 tu kwa juma, na hata baadaye siku za hofu mkono ulikumbuka njia yake. Makovu mengine yalibaki. Lakini vidonda vilifunga, usaha haukurudi, na wakati wa joto ulipofika msichana alilivua sweta, akashuka mtoni na wenziwe akiwa na ndoo yake kichwani.

Msomaji, wako wanafunzi wenye mkono wa namna hii, na huenda mmoja ameketi dawati la pili kutoka lako. Usimcheke, wala usimkimbie, kwa maana tabia hii haiambukizi. Usimpigie kelele, "Acha!", maana hilo amekwisha kujiambia mara nyingi kuliko wewe. Mwite mchezoni, mikono ichezayo mpira haina nafasi ya kujichubua. Na ikiwa mkono huo ni wako, usijifiche. Mwambie mtu mzima unayemwamini, mama, mjomba, bibi au mwalimu, umweleze mkono huanza lini na moyoni mna nini. Kidonda kikivimba, kikitoa usaha, au homa ikija, nenda zahanati siku ile ile, kwa sababu vijidudu vikipita mlango wa ngozi vyaweza kufika katika damu na kuhatarisha maisha. Ikiwa upele ndio ulioanzisha mkuno, nyumba nzima itibiwe pamoja, la sivyo utarudi.

Na wazazi wasisahau methali ya wazee: mkono mmoja haulei mwana. Mtoto aliyeachwa peke yake na mkono wake mara nyingi hushindwa nao. Akipata mkono wa mama begani, na wa baba kando yake katika ungo wa njegere, ana nguvu ya kujaribu tena kesho.