Neno Lililokuwa Tayari Shambani



Tarehe 8 Mei 2025, Papa Leo XIV alipojitokeza kwa mara ya kwanza mbele ya umati, aliacha kidogo Kiitaliano akawasalimu kwa Kihispania waamini wa jimbo lake la zamani, Chiclayo, nchini Peru. Watoto wetu hapa Kyela waliposimuliwa hayo, waliomba tuwafundishe lugha hiyo. Kihispania chetu ni cha kuokoteza. Hata hivyo, kila Jumamosi tuliandika ubaoni maneno kumi. Wakayaimba kwa sauti kuu, na Jumamosi iliyofuata hawakukumbuka hata moja. Tukawaona wazito. Leo tunakiri kwamba uzito ulikuwa wetu.

Siku moja chumba kilikuwa na watu, tukaketi nje chini ya miti ya kakao. Tulichora ardhini, kwa kijiti, nchi wanayoijua: Ziwa Nyasa, Milima ya Livingstone, mito Kiwira na Mbaka. Tukaipa majina mapya: *lago* ni ziwa, *monte* ni mlima, *río* ni mto. Wakawa wanaruka kutoka *río* hadi *lago* kwa miguu yao wenyewe, na hapakuwa na aliyekosea.

Kisha tukachora bahari, na ng'ambo yake Amerika. Tukaweka alama mahali paitwapo Río Azul, nchini Guatemala. *Azul* ni buluu. Basi wakatafsiri wenyewe: Mto wa Buluu. Tukawaambia kwamba hapo, mwaka 1984, wachimbaji wa mambo ya kale walifungua kaburi la Wamaya la karne ya 5, wakakuta chungu kilichochorwa maandishi, na ndani yake neno moja lilisomeka. Neno gani? Kijana mdogo, ambaye darasani hafungui kinywa, alikuwa akichezea tunda lililoanguka. Tulimwonyesha kwa kidole. Akanong'ona, "Kakao?"

Ndilo. Wamaya waliandika *kakaw*. Wahispania, walioutwaa mji mkuu wa Waazteki mwaka 1521, walilichukua neno hilo kwa watu waliowashinda, nao wakasema *cacao*. Tukaeleza pia kwamba Waazteki walinunua vitu sokoni kwa mbegu zake. Yule kijana akasimama: "Baba Padri, hata sisi! Sare yangu ilinunuliwa kwa kakao." Akawaonyesha wenzake jinsi nyumbani wanavyopasua tunda, wanavyovundika mbegu na kuzianika. Siku hiyo mwalimu alikuwa yeye.

Tumelitafakari jambo hilo juma zima. Mwenye silaha alitwaa mji, lakini jina la tunda ilimbidi ajifunze kwa mwenye shamba. Nasi tulikuwa tumemtendea mtoto wa mkulima kama debe tupu linalongoja kujazwa, kumbe neno la kale lilikuwa tayari kinywani mwake, na kazi yake mikononi mwake.

Wazazi na walimu, kabla ya kumpa mtoto neno la mbali, tumwulize kwanza anajua nini cha karibu. Na mwaka huu, mauzo ya kakao yakikamilika, tumeahidi kuwanunulia watoto wale chokoleti. Wengi wao wameivuna tangu wajue kutembea, wala hawajaionja.