PETROLI: JINA MOJA, MAFUTA MAWILI



Kuna neno moja ambalo tunalisema kila juma bila kulifikiri. Neno hilo ni petroli. Nataka tuliangalie pamoja, sababu ni neno ambalo linaweza kuunguza mtu.

Hapa ku Kapata, kama mu Kolwezi yote, kila mtoto anajua hesabu hii: petroli ni mafuta ya kutia mu taa, esansi ni ya pikipiki, mazutu ni ya kamyo. Mama akimtuma mtoto na chupa na kumwambia «kaniuzie petroli», mtoto hakosei. Anajua pa kwenda, na anajua kupita ku meza ya Kadhafi bila kusimama, maana Kadhafi anauza esansi. (Wauzaji hao wa barabarani walipewa jina la yule mkubwa wa Libya, inchi ya mafuta mengi.) Majina yetu matatu yalitufikia na Kifransa cha Wabelgiji. Hata mazutu, ambalo linaonekana kama neno letu kabisa, lilianzia mbali sana: ni neno la Kirusi.

Lakini kumbe hesabu hii inaishia ku mpaka! Shaba na kobalti za Lualaba zinapita Kasumbalesa, zinavuka Zambia, zinaingia Tanzania kwa Tunduma, zinafika ku bandari ya Dar es Salaam. Madereva wengi wa kamyo hizo ni Watanzania. Wanasema Kiswahili kama sisi, tena kizuri kuliko chetu. Lakini kwao petroli ni ile tunaita esansi. Ile yetu ya taa, wao wanaiita mafuta ya taa, na mazutu wanaita dizeli, ku jina la Rudolf Diesel, Mdachi aliyevumbua moteri yake miaka ya 1890. Mu Zambia katikati ya njia, mafuta ya taa yanaitwa parafini. Na sisi tukisikia parafini tunafikiri buji!

Mama yangu mudogo alijifunza jambo hili kwa mkono wake. Alimfuata bwana yake Tunduma. Mu juma la kwanza umeme ulikatika, akamtuma mtoto wa jirani: «Uniletee petroli chupa moja.» Mtoto akaleta petroli, kama alivyoambiwa. Mama mudogo alisikia harufu si ile aliyozoea, akafikiri pengine mafuta ya kule ni safi zaidi. Akajaza taa, akawasha kiberiti. Moto haukungojea utambi. Ulimshika kutoka vidole mpaka kiwiko, na mpaka leo ngozi ya mahali pale inavuta akikunja mkono. Nani alikosa? Muuzaji aliuza kile kilichoulizwa. Mtoto alileta kile alichotumwa. Mama mudogo alisema Kiswahili safi cha Kapata. Mimi naona hakuna aliyekosa. Neno njo lilikuwa na maana mbili.

Nilimuuliza mwalimu wetu wa shimi: jina la kweli ni la nani, letu ao lao? Akajibu: «Yote mawili, maana yote ni petroli.» Tuone namna gani.

Petroli inatoka ku maneno mawili ya Kilatini: petra, ni kusema jiwe ao mwamba, na oleum, mafuta. Basi ni mafuta ya mwamba. Ni petra ileile iliyo mu jina la Petro, kama tunavyosoma mu Matayo 16:18. Kwa hiyo jina lilikuwa la yale mafuta meusi yanayotoka chini ya udongo, mbele hayajatengwa. Kiwandani wanayachemsha, na kila sehemu inapanda kama mvuke ku joto lake. Zote ni hidrokaboni: kaboni na hidrojeni tu. Esansi ina minyororo mifupi, karibu kaboni 4 mpaka 12. Mafuta ya taa yana mirefu zaidi, karibu 10 mpaka 16. Kila inchi ilichukua jina la mama na kumpa mtoto mmoja: sisi tulimpa yule wa taa, wao walimpa yule wa gari.

Tofauti hiyo ya minyororo njo iliyomuunguza mama mudogo. Mafuta mazuri ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yapate joto la digrii 38 ao zaidi. Esansi inautoa hata ku baridi ya digrii 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo hata kikombe kidogo cha esansi mu bidoni ya petroli ni hatari. Mtu anayechanganya ili apate faida anauza moto.

Majina mengine nayo yana mafundisho. Abraham Gesner wa Kanada, aliyeonyesha mafuta yake ya taa mwaka 1846, aliyaita kerosene, kutoka neno la Kigriki keros, nta. Leo ndege zinaruka kwa mafuta ya namna hiyo. Mbele yake, mwaka 1830, Karl von Reichenbach alipata nta mu lami ya miti, akaiita paraffin, kutoka parum affinis ya Kilatini: isiyo na undugu mwingi. Alimaanisha kwamba haipendi kuungana na vitu vingine.

Na ninyi watoto wa watu wa shaba, sikieni: tabia hiyo inafanya kazi hapa kwetu. Mu viwanda vingi vya Lualaba, mawe yanasagwa na kutiwa asidi mpaka shaba iyeyuke mu maji. Kisha maji yale yanachanganywa na mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, yenye dawa ndani. Dawa inakamata shaba. Mafuta yanaibeba tu. Hayaungani na maji, hayaungani na shaba. Yanapanda juu, yanatoa mzigo wao mu asidi kali, yanarudi kuchukua mwingine. Kule Chingola, ng'ambo ya mpaka, kiwanda cha Nchanga kilianza kazi ya namna hiyo mwaka 1974. Basi petroli inayowasha mbabula ya mama ina ndugu anayebeba shaba ya baba.

Watu wengine watasema tuache jina letu na kufuata Watanzania. Mimi sisemi hivyo. Petroli ni neno la nyumba zetu. Lakini nasema jina linaloonyesha kazi ni salama kuliko jina linaloonyesha asili. Mafuta ya taa: hata mgeni anaelewa.

Kwa hiyo, kama msimamizi wa masomo ya magaribi, nimeandika kwa rangi ku bidoni zetu mbili: YA TAA, na YA GRUPE. Sikuandika petroli hata kwa moja. Naomba ninyi mfanye vile mu nyumba zenu. Ukivuka mpaka, usiulize jina, sema kazi: «Nataka ya kuwasha taa.» Na harufu ikikuambia hapana, iamini pua yako kuliko neno.

Msimamizi wa masomo ya magaribi,
mwaka wa mwisho