Upinde Mrefu au Rikavu? Chagua kwa Kazi, Usichague kwa Macho

Kazi yangu ni mahindi, maharage na mihogo. Lakini bwana shamba huulizwa kila kitu, na msimu huu swali ambalo nimelisikia zaidi ya mara moja hapa Rungwe Mpya ni hili: kijana anayetaka kujifunza kulenga shabaha kwa upinde anunue upi? Upinde mrefu wa mti mmoja kama wa wazee, au rikavu, ule wenye ncha zilizopinda kuelekea mbele, unaoonekana kwenye Olimpiki?

Mimi mwenyewe hulenga shabaha jioni, kwenye gunia la majani nyuma ya nyumba, na pinde zote mbili nimezitumia. Nitakueleza ninavyoziona, ila uamuzi utabaki kuwa wako.

Tofauti yenyewe ni hii

Upinde mrefu ukiuvua upote unakuwa karibu sawa na fimbo. Rikavu ukiivua upote, ncha zake zinageuka kwenda upande wa shabaha. Mkunjo huo ndio siri yake. Unapoivuta, zile ncha hufunguka na kufanya kazi kama wenzo, kwa hiyo rikavu fupi huhifadhi nguvu nyingi kuliko upinde ulionyooka wa urefu uleule na uzito uleule wa kuvuta. Mshale unatoka kwa kasi zaidi, na mwisho wa kuvuta mkono hausikii ugumu wa ghafla.

Upinde mrefu nao una sifa zake. Ni mwepesi, hauna makelele, na husamehe makosa madogo ya kiganja, kwa sababu mikono yake ni mirefu na haijisokoti kirahisi. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wamewinda nao hadi leo, na upinde wao hukaribia au hupita kimo cha mwenyewe. Waata wa upande wa Tsavo, Kenya, walijulikana kwa pinde ambazo kuzivuta kulihitaji zaidi ya kilo 45. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba upinde ulionyooka ni wa kitoto.

Upande wa mashindano, Olimpiki ilirudisha ulengaji shabaha mwaka 1972, na tangu hapo hadi Paris 2024 upinde uliotumika ni rikavu, siku hizi kwa umbali wa mita 70. Shehzana Anwar wa Kenya alikwenda Rio 2016 na upinde huo, na ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake. Ikiwa binti yako ana ndoto ya namna hiyo, basi safari yake itapita kwenye rikavu. Lakini si lazima ianzie hapo.

Pima kwanza, nunua baadaye

1. Pima mvuto wako. Nyoosha mikono yote miwili pembeni, mtu akupime kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha ugawe kwa 2.5. Mwenye sentimita 170 atapata 68. Huo ndio urefu utakaovuta.

2. Pima urefu wa upinde. Wa mti mmoja usipungue mara mbili ya mvuto wako na nyongeza ya kama sehemu moja ya kumi. Kwa mtu wetu wa 68 ni kama sentimita 150. Ukiukata mfupi kuliko hapo, utavunjika siku moja, na vipande huruka usoni.

3. Pima uzito wa kuvuta. Tumia mizani ya kuning'iniza, ile ile ya kupimia mazao. Ninga upinde kwa upote, vuta kishikio chini hadi mvuto wako, soma kilo. Mtoto aanze na kilo 7 hadi 9. Mtu mzima kilo 11 hadi 13 zinatosha sana. Mkulima mwenye misuli ya jembe hudhani anaweza kuanza na 20. Kuvuta mara moja ataweza, lakini kuvuta mara hamsini kwa utulivu ni habari nyingine, na bega likiumia mwezi wa Novemba nani atalima?

Suala la fedha

Hapa ndipo penye uzito. Kijana mmoja wa kata yetu alinijia baada ya mavuno. "Bwana shamba, nataka kuuza maharage yote niagize rikavu kutoka Dar." Nilimuuliza maswali matatu. Mbegu na mbolea za msimu ujao umeshaziweka pembeni? Ncha moja ikipasuka, nani hapa atakutengenezea? Umeshavuta upinde wowote kwa miezi mitatu mfululizo? Yote matatu alikaa kimya.

Sikumkataza. Nilimpeleka kwa mzee mmoja anayechonga pinde. Tulimpa shikamoo, tukakaa. Mzee alimtazama mikono, akamwambia, "Mwanangu, upinde hununui, unauzoea." Alimchongea wa mkole, akamfundisha kuangalia kama mikono yote miwili inapinda sawasawa. Kijana maharage yake alipanda. Sasa yeye na wenzake watano wanachanga kidogo kidogo kwenye kikundi ili wanunue rikavu moja ya kutumia pamoja. Mzee naye, ambaye alikuwa hana mwanafunzi hata mmoja, anao sita.

Ukifika hatua ya kununua rikavu, chukua ile inayofunguka vipande vitatu. Kishikio kinabaki kilekile, mikono unabadilisha kadiri nguvu zinavyoongezeka. Hilo upinde wa mti mmoja haukupi, na kwa kikundi chenye watu wa rika tofauti ni faida kubwa.

Utunzaji kwa hali yetu ya hewa

- Upinde wa mti hunyonya unyevu wakati wa masika na kulegea. Upake mafuta au nta, uuweke mahali pakavu, usiutundike jikoni juu ya moshi.
- Rikavu nyingi zimegandishwa kwa gundi. Usiiache ndani ya gari juani wala chini kabisa ya bati, tabaka zitaachana.
- Upote upake nta ya nyuki. Kwetu nta si ya kutafuta mbali, muulize mrina asali yeyote.
- Ukimaliza, vua upote wa upinde wa mti. Usiuache umevutwa usiku kucha.
- Usivute na kuachia bila mshale, upinde wowote ule. Nguvu inayokosa mshale wa kuusukuma hurudi kwenye mti na kuupasua.
- Mishale ya kikundi iwe na ugumu unaolingana. Mshale laini kwenye upinde mkali huyumba, na mtu atalaumu upinde bure.

Sheria usiichezee

Sisi tunapakana na hifadhi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuingia na upinde au mshale katika pori la akiba kama Moyowosi bila kibali, na inakataza kuwinda kwa silaha zenye sumu. Kuwa mwanamichezo hakukupi kinga. Nyani wakivamia mahindi, toa taarifa ofisi ya kijiji ili afisa wanyamapori wa wilaya ajulishwe. Uwanja wa mazoezi uwe na kichuguu au tuta nyuma ya shabaha, na mtu asivuke mstari mpaka wote wameshusha pinde.

Ushauri wangu kwa ufupi

Kama unaanza na mfuko ni wa mkulima, anza na upinde mrefu wa fundi wa karibu, kilo 11, msimu mzima. Kama mna kikundi na lengo ni mashindano, changeni mpate rikavu moja ya vipande vitatu. Kama unataka rikavu kwa sababu tu inapendeza pichani, kanunue mbolea kwanza.

Na kama kijijini kwako bado yupo mzee anayejua kuchonga, mwendee wiki hii. Chukua daftari, na chukua kijana mmoja pamoja nawe.