Sauti Baada ya Ushindi

Vijana wa kwaya hapa Mkotokuyana, wakishauza ufuta, hutuuliza kama ni dhambi kupanda basi kwenda Dar es Salaam kujaribu Bongo Star Search. Si dhambi. Tumtazame Walter Chilambo. Mwaka 2012 alishinda shindano hilo na zawadi ya shilingi milioni 50. Alirekodi bongo fleva, kisha akageukia nyimbo za Injili, na kwa hizo wengi wetu tunamfahamu.

Shindano lilipima sauti yake. Halikumwambia aimbe nini, wala kwa ajili ya nani. Swali hilo lilimngoja studioni.

Tena shindano humtafuta mmoja na kuwarudisha wengine nyumbani. Katika Mathayo 25 sivyo: mwenye talanta mbili alisifiwa sawasawa na mwenye tano. Aliyekemewa ni yule aliyeifukia yake.

Basi, wapendwa, anayekwenda tumwombee. Anayerudi bila kushinda tusimcheke, tumpokee kwayani. Sauti aliyoondoka nayo ni ile ile, na Jumapili bado tunaihitaji.