Baba anakunywa chai wapi?

Saa kumi na moja alfajiri, watu wa Kimara, Mbagala na Gongo la Mboto huwa wameshaanza kujaa vituoni. Anayefanya kazi Posta au Kariakoo anajua kwamba akichelewa nusu saa tu, foleni itamlipiza. Ndiyo maana nyumba nyingi za Dar es Salaam hazina tena kifungua kinywa cha pamoja siku za kazi. Baba anatoka watoto wakiwa wamelala. Mama anatoka jiko likiwa bado la baridi. Watoto wanakunywa chai kwa zamu, mmoja kakaa, mwingine kasimama na begi mgongoni.

Hapo ndipo mama lishe anapopata riziki yake. Jua halijachomoza, sufuria zake ziko motoni: supu ya kongoro, supu ya utumbo, supu ya kuku. Pembeni kuna chapati, vitumbua, maandazi na mihogo. Wenyeji wa Kilimanjaro walio mjini wataulizia mtori, na mtu wa Mombasa atakumbuka mahamri na mbaazi za nazi. Kila mmoja anatafuta asubuhi ya kwao kwenye benchi la mtu mwingine.

Kwa Kiswahili, mtu akiulizwa "Umekunywa chai?" haulizwi habari ya kikombe. Anaulizwa kama amekula. Swali hilo ndilo lililozua neno katika nyumba moja ya Mbagala.

Baba wa nyumba hiyo ni fundi umeme asiye na mwajiri. Anatoka alfajiri kwenda Kariakoo, anarudi usiku. Mwanawe wa darasa la pili aliamini kwamba baba hanywi chai, kwa sababu hajawahi kumwona akinywa. Mama naye alikuwa na imani inayokaribia hiyo. Jioni alimwekea mumewe kipande kikubwa cha samaki, akiwaambia watoto, "Baba ameshinda na njaa." Asubuhi yeye na watoto watatu walikuwa na shilingi 1,500: maandazi, sukari kidogo na chai ya rangi.

Siku moja alikwenda Kariakoo kununua masweta ya shule. Akamkuta mumewe kwenye benchi, bakuli la kongoro mbele yake, ndimu imekamuliwa, chapati mbili kwenye sahani. Hakupiga kelele. Alisalimia. Mama lishe, kwa furaha ya kumjua mke wa mteja, akasema, "Karibu wifi! Kaka huyu ndiye mteja wangu wa kila siku."

Neno "kila siku" ndilo alilorudi nalo nyumbani.

Usiku walipiga hesabu. Supu, chapati mbili na chai vilikuwa shilingi 3,500. Kwa siku sita za wiki ni 21,000, na kwa wiki nne ni 84,000. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kilikuwa kikijaa mbali na nyumbani. Chakula cha asubuhi cha mtu mmoja kilizidi mara mbili cha watu wanne.

Baba alikuwa na hoja, na haikuwa ya uongo. Fundi anayepanda ngazi tumbo tupu anahatarisha maisha yake. Tena kwenye benchi lile ndipo kazi zinapopatikana: dalali anapita akitafuta fundi, mwenye duka anakuja kunywa chai na kulalamika kuhusu taa zake. Asiyeonekana pale asubuhi hakumbukwi mchana. Wanaume wa vijiwe vya kahawa, kuanzia Kariakoo hadi Jaws Corner kule Mji Mkongwe wa Zanzibar, wanalielewa hilo. Kinachonunuliwa pale si kinywaji peke yake.

Mama akamjibu, "Baba watoto, supu haijaniuma. Umeniacha nikuonee huruma miaka yote hii, na wewe umeshiba."

Hilo ndilo linalopaswa kuangaliwa katika nyumba nyingi, na si kwa akina baba tu. Wapo akina mama wafanyabiashara wanaokula vitumbua na chai ya maziwa sokoni, huku nyumbani wakisema hela ya mkate hakuna. Kula nje kwa mtu anayetoka usiku si anasa. Mama lishe naye ana watoto wanaosomeshwa na sufuria ile. Tatizo huanza pale chakula hicho kinapokuwa nje ya bajeti na nje ya mazungumzo. Nauli inatajwa, kodi inatajwa, lakini chai ya mjini haitajwi, kana kwamba imelipwa na mtu mwingine.

Wale wa Mbagala hawakukata supu. Walikubaliana ibaki siku mbili, Jumatatu na Ijumaa. Siku nne zilizobaki, baba anabeba mihogo au viazi vya kuchemsha kwenye hotpoti, na anaagiza chai ya shilingi 500 ili asikalie benchi la mtu bure. Hivyo kila siku kati ya hizo nne inabaki 3,000, na kwa wiki 12,000. Fedha hiyo inakwenda kwenye maziwa na mayai ya watoto. Mama lishe aliambiwa ukweli, akacheka, akasema bora mteja wa siku mbili asiyekopa.

Jumapili, siku ambayo baba hatoki, imewekwa kuwa siku ya wote kunywa chai mkekani, hata kama ni saa tatu. Asubuhi ya kwanza mtoto wa darasa la pili hakushika andazi lake. Alikuwa akimtazama baba anavyopuliza kikombe, kisha akamuuliza mama kwa sauti ya chini kama sukari itatosha, maana baba naye anakunywa.